Nywele, Uyoga na Neno "Kupandisha Kinga"

Jumamosi moja ya Machi, mvua ya Mbeya ikiwa imegoma kukatika tangu alfajiri, nilikuwa kwenye saluni moja pale Mwanjelwa nasubiri zamu yangu. Msusi alikuwa anamfumua rasta dada mmoja wa makamo. Alipofika nyuma ya sikio la kushoto akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ile ambayo saluni nzima huisikia: "Dada, mbona hapa umenyolewa?"

Palikuwa na kiraka cha mviringo, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, laini kama kiganja. Hakina magamba, hakina kidonda, na mwenyewe alisema hakimuwashi. Kila mtu akawa na lake. Mama mmoja alisema hao ni wachawi, wamepita usiku na wembe. Binti anayeosha nywele alisema ni mapunye. Kaka mmoja anayetembeza dawa, aliyekuwa amejibanza mlangoni kukwepa mvua, akafungua begi na kutoa kikopo cha unga wa kahawia. "Huu ni uyoga dawa, sista. Unapandisha kinga, nywele zinarudi zenyewe." Dada akanunua.

Sikucheka, maana katika maneno ya yule kaka mengi yalikuwa ya kweli. Kinga ya mwili inahusika na nywele, tena sana. Uyoga unaigusa kinga. Na nywele za kiraka kama kile mara nyingi hurudi. Tatizo liko kwenye neno moja tu aliloliweka katikati: kupandisha.

Huku Nyanda za Juu Kusini neno hilo lina historia. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 uliikuta Njombe ikiongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa na Mbeya zikiifuata, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.4. Na kwa miaka mingi, kabla ya 2016 nchi ilipoanza kumpa dawa kila anayekutwa na virusi, kuanza ARV kulitegemea namba ya CD4, yaani hesabu ya seli fulani za kinga kwenye damu. Watu walitoka CTC, kliniki ya wenye VVU, na karatasi mkononi wakaulizana kama wanafunzi siku ya matokeo: una ngapi? Namba ikishuka, majonzi. Ikipanda, shangwe. Kwa hiyo kinga ikakaa vichwani mwetu kama maji ya simtanki: yakipungua unajaza, na yakijaa zaidi ndiyo heri zaidi.

Kwa VVU picha hiyo inasaidia, kwa kuwa virusi vinazimaliza CD4 kwelikweli. Lakini CD4 si seli za kazi moja. Wamo humo wapiga baragumu, wanaoita wenzao vitani, na wamo wazima ugomvi. Hawa wa pili huitwa seli T za udhibiti. Wafikirie kama mabalozi wa nyumba kumi: hawana bunduki, ila wakiondoka mtaani, kesho yake majirani wameshikana mashati. Sasa ongeza mambo ya nywele hapo.

Unywele unaouona umeshakufa. Kilicho hai ni kinyweleo, kile kifuko kilichozama ndani ya ngozi, na kichwani mwa mtu viko kama laki moja. Kila kimoja kina ratiba yake. Kinaotesha kwa miaka miwili hadi sita, kinasinyaa kwa wiki mbili tatu, kinapumzika kama miezi mitatu, unywele mkongwe unadondoka, kinaanza upya. Ndiyo maana kupoteza nywele 50 mpaka 100 kwa siku si ugonjwa. Na ndiyo maana mama aliyejifungua, au mtu aliyelazwa na homa kali, huanza kuona nywele zikimwagika miezi miwili au mitatu baadaye, wakati ameshapona na ameshasahau. Vinyweleo vingi vilipelekwa likizo kwa mpigo mmoja, na likizo hiyo imekwisha. (Rasta za kubana hadi macho yanavutika ni habari nyingine. Hizo zinang'oa, hazihitaji ufafanuzi wa seli.)

Ubavuni mwa kinyweleo, juu kidogo, kuna kinundu chenye seli shina. Hizo ndizo mbegu. Unywele mpya hauoti mpaka ziamshwe, na wanaoziamsha, pamoja na wengine, ni walinzi wa kinga waliokaa jirani.

Mwaka 2014 kundi la mtafiti Mirna Pérez-Moreno, huko Madrid, lilichunguza makrofaji za ngozi ya panya. Makrofaji ni seli zinazomeza vijidudu na taka, wafagiaji wa mwili. Waliona kwamba zile zilizozunguka kinyweleo kilicholala hupungua kabla hakijaamka. Baadhi zinakufa, na katika kufa zinaachia protini za jamii ya Wnt ambazo huziambia seli shina zianze kazi. Yaani mfagiaji anakata roho mlangoni, na kishindo chake ndicho kinachomwamsha aliyelala.

Kisa cha pili ndicho ninachokipenda zaidi, kwa sababu kilianza kwa bahati. Kwenye maabara ya Michael Rosenblum, Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walikuwa wamewaondolea panya seli T za udhibiti kwa muda ili waone ngozi itafanya nini. Panya hao walinyolewa sehemu ndogo ili ngozi yao ichunguzwe. Siku zikapita, na pale waliponyolewa pakabaki peupe. Walipofuatilia, na kutoa matokeo mwaka 2017, walieleza kwamba seli hizo hukaa zimesogeleana kabisa na seli shina za kinyweleo, na kwamba zinahitajika hasa katika siku tatu za mwanzo baada ya kunyoa. Zimebeba protini iitwayo Jagged1. Panya wasio na seli hizo walipopewa vishanga vidogo vilivyopakwa protini hiyo, seli shina ziliamka.

Panya si mtu. Manyoya yake huamka kwa mawimbi, kama mpunga wa Usangu unavyoiva kwa pamoja, wakati kwetu kila kinyweleo na siku yake. Lakini somo la msingi linatuhusu: seli iliyo ndani ya kundi lile tulilokuwa tunalihesabu CTC ina kazi ya kunong'oneza mbegu ya unywele. Hapo hatuzungumzii wingi wa maji kwenye tangi. Tunazungumzia nani amesimama wapi na anasema nini.

Turudi nyuma ya sikio la yule dada. Kiraka cha mviringo, laini, kisicho na magamba, kitabibu huitwa alopesia areata, na kiasi cha watu wawili katika kila mia hukipata wakati fulani maishani. Mapunye hayafanani nacho: yale ni kuvu, yana magamba, yanawasha, nywele zinakatikia juu juu na kuacha vidoa vyeusi, na huwapata zaidi watoto. Kuyatofautisha ni muhimu mno, kwa sababu dawa zake ni mbingu na ardhi.

Kinachotokea kwenye alopesia areata ni hiki. Karibu kila seli ya mwili hubandika ukutani kwake vipande vya vitu inavyotengeneza ndani, kama mtu anayening'iniza kitambulisho shingoni. Askari waitwao CD8 wanapita, wanasoma, wanaendelea na doria. Wakisoma kitu cha kigeni, kwa mfano kipande cha kirusi, wanaiua seli hiyo. Kinyweleo kinachootesha kina upendeleo maalumu: kimeshusha pazia. Sehemu yake ya chini, ile inayofuma unywele, haionyeshi vitambulisho isipokuwa vichache sana, na inatoa viowevu vya kuwapoza askari wakaribiao. Ni kama nyumba ambayo mgambo wameambiwa wasipige hodi.

Siku pazia linapofunguka, na kwenye baadhi ya familia hufunguka kirahisi zaidi kwa sababu ya kurithi, CD8 zinaingia. Zinamwaga kemikali iitwayo interferoni gama. Kinyweleo nacho, kwa kujibu, kinatoa kemikali nyingine, IL-15, ambayo inaziita CD8 zaidi. Ugomvi unajilisha wenyewe. Wataalamu wanaotazama ngozi hiyo kwa hadubini wana msemo wao: wanasema wameona kundi la nyuki, kwa jinsi seli hizo zinavyoizingira sehemu ile ya chini ya kinyweleo. Mtu wa huku aliyewahi kukwaa mzinga usiku hahitaji kuchorewa.

Lakini nyuki hao wanapiga chini. Kinundu cha seli shina kinabaki salama, ndiyo maana hata baada ya miaka unywele unaweza kurudi. Wanapenda pia kuzishambulia nywele zenye rangi na kuziacha mvi. Ndipo zinapotoka hadithi za mtu aliyelala na nywele nyeusi akaamka mzee: nyeusi zimedondoka kwa wingi, zilizobaki ni mvi alizokuwa nazo siku zote.

Mtu mwenye kiraka kimoja au viwili, bila dawa yoyote, ana nafasi nzuri ya kuota nywele tena ndani ya mwaka. Hilo ni jema kwake, na ni jema zaidi kwa muuza unga. Ukinywa uyoga kwa miezi sita, nywele zikarudi, utamtangaza mtaa mzima. Ungekunywa chai ya rangi, zingerudi pia. Aliyekaa bure naye angepata zake, ila huyo hana cha kutangaza.

Sasa ukishajua kwamba kundi la nyuki limeshatoka, utataka walinzi zaidi wa nini? Tiba zinazofanya kazi hapa zinakwenda upande wa pili kabisa. Ya kawaida ni sindano ndogondogo za steroidi ndani ya kiraka, na kazi yake ni kupoza. Kuhusu wagonjwa wenye upotevu mkubwa, mwaka 2014 Angela Christiano na Raphael Clynes wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha kwamba kukata mawasiliano ya zile kemikali mbili, kwa dawa zinazozuia vimeng'enya viitwavyo JAK, kunarudisha nywele. Juni 2022 Marekani ikaidhinisha ya kwanza, barisitinibu. Kwenye majaribio yake, zaidi kidogo ya theluthi ya wagonjwa waliopewa dozi kubwa walikuwa na nywele kwenye angalau asilimia 80 ya kichwa baada ya wiki 36. Ni dawa ghali, na kwa kuwa inaituliza kinga, mtu lazima apimwe kifua kikuu kwanza, la sivyo TB iliyolala inaamka. Kwa kiraka cha mia mbili hakuna daktari atakayekuandikia. Naitaja kwa sababu inaonyesha njia: nywele zilirudi kwa kushusha.

Je, uyoga? Hapa nataka kuutendea haki, kwa sababu nimekua nao. Mvua zikishika, barabara ya Mafinga ina akina mama na watoto wenye sado na ndoo za uyoga, mwingine wa porini kwenye miombo, mwingine wa chini ya mipaina ya Sao Hill. Huo wa mipaina ni mgeni kama miti yenyewe: mipaina ilitoka Meksiko, na kuvu inayoishi kwenye mizizi ya mipaina mara nyingi haiwezi kuishi kwenye mti wa miombo. Bibi zetu walilazimika kujifunza upya upi unalika. Siku hizi wapo wengi wanaolima uyoga wa aina ya mamama kwenye mabanda, mifuko imejazwa mabua na maganda ya maharage yaliyochemshwa, imening'inizwa gizani kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Ni chakula kizuri: protini, vitamini za kundi B, madini ya potasiamu. Ukiuanika juani hata vitamini D unatengeneza.

Uyoga si mmea. Ukuta wa seli zake umejengwa kwa kitini, kitu kilekile cha gamba la panzi, na kwa sukari zilizofungamana ziitwazo beta-glukani. Mwili wetu hautengenezi beta-glukani, kwa hiyo kinga ikiigusa inajua mgeni amefika na ni wa ukoo wa kuvu. Mwaka 2001 Gordon Brown na Siamon Gordon, huko Oxford, walikitambua kipokezi kinachoinusa, kiitwacho dektini-1, kwenye makrofaji na jamaa zake. Usemi kwamba uyoga "unaamsha kinga" unasimama hapo, na si uzushi. Ila angalia kwa nini pua hiyo ipo: ipo ili itambue kuvu zinazotushambulia, ikiwemo kuvu ya mapunye. Kinga haiioni dawa. Inamwona mwizi, au mtu aliyevaa koti la mwizi.

Wajapani walilichukulia jambo hili kwa uzito. Lentinani, beta-glukani iliyochujwa kutoka uyoga wa shitake, iliruhusiwa kwao katika miaka ya 1980 itumike pamoja na dawa za saratani ya tumbo. Ilikuwa imesafishwa, imepimwa, na ilitolewa kwa sindano ya mshipa. Unga ulioukoroga kwenye uji unapita njia nyingine. Sehemu kubwa ya beta-glukani haimeng'enywi, inateremka kama makapi mengine, na kinachobaki ni mazungumzo mafupi kati yake na seli za kinga za utumbo. Kuhusu ganoderma, ule uyoga mgumu kama ubao unaoota kwenye magogo na unaouzwa sana kwenye vikopo, wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba, walikusanya majaribio ya wagonjwa wa saratani, toleo la mwisho likiwa la 2016. Waliona dalili kwamba ukitolewa pamoja na tiba za kawaida unaweza kusaidia kidogo, wakasema ushahidi hautoshi kuufanya tiba ya kwanza, na ubora wa majaribio yenyewe una walakini. Uchambuzi wa 2015 kuhusu sukari, shinikizo la damu na mafuta ya damu haukuunga mkono kuutumia. Kutoka kuichangamsha makrofaji kwenye sahani ya maabara hadi kuotesha nywele nyuma ya sikio la mtu ni safari yenye vituo vingi, na yule kaka alivipita vyote bila breki.

Cha kushangaza ni kwamba ukoo huu wa kuvu umeshatoa dawa za nywele, tena nzito. Griseofulvini, kidonge cha siku nyingi cha kutibu mapunye, kilipatikana mwaka 1939 kwenye ukungu wa jamii ileile inayotoa penisilini. Mtoto hukimeza kwa wiki kadhaa kwa sababu krimu ya kupaka haifiki ndani ya unywele. Na iko siklosporini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 udongo uliochotwa kwenye uwanda wa juu wa Hardangervidda, Norway, ulifikishwa kwenye kampuni ya Sandoz, Uswisi, wakitafuta viuakuvu. Humo mlikuwa na kuvu ndogo, na mwaka 1972 ikaonekana kwamba kemikali yake inaifunga breki kinga ya mwili. Ndiyo iliyofanya upandikizaji wa figo uwe jambo la kawaida duniani. Madhara yake mojawapo? Wagonjwa waliota nywele: usoni, mikononi, mgongoni. Na viraka vya alopesia areata navyo vinaweza kuota. Hakuna anayeitumia ovyo, maana inaumiza figo na kupandisha presha. Lakini ukitaka mfano wa kuvu iliyorudisha nywele kupitia kinga, ndio huo, nao unafanya kinyume cha kilichoandikwa kwenye kikopo.

Hatari za unga wenyewe si kubwa kwa kila mtu, ila zipo. Ganoderma unaweza kuongeza kuvuja damu kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na wapo waliowahi kuumia ini kwa kutumia unga wake. Shitake usioiva unaweza kumtoa mtu michirizi mwilini kama aliyechapwa fimbo. Aliyepandikizwa figo hana sababu ya kuuchokoza mwili wake. Na kwa nchi yetu hii, hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ya mtu anayeacha ARV kwa kuwa kikopo kimeahidi kupandisha CD4. ARV hazijazi tangi. Zinaziba tundu, na zinatolewa bure. Anayeuza dawa asilia anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya 2002, kwa hiyo kumwuliza namba ya usajili si kumkosea adabu. Uyoga wa porini usioujua nao uache hukohuko: sumu ya aina mbaya za amanita haiondoki kwa kuchemsha, huanza kuonekana saa sita hadi kumi na mbili baada ya kula, kisha mtu anadhani amepona, kumbe ini linakwenda.

Nilimwona tena yule dada mwezi wa saba, baridi ya Mbeya imeshika, saluni imefunga mlango na jiko la mkaa liko pembeni. Nyuma ya sikio palikuwa na vinywele vyembamba, vyeupe pe. Msusi akasikitika, "Dada, sasa hapa umezeeka." Nikamwambia ndivyo zinavyoanza, nyeupe kwanza, rangi hufuata. Nikamwuliza mwenyewe kuhusu unga wa uyoga.

"Ule?" akasema. "Mchungu! Niliweka kwenye uji siku tatu, watoto wakakataa uji. Kikopo kipo tu juu ya kabati."